Maji Niliyomnyima Bibi

Tangu mwaka juzi sijameza kitu bila kujua kwamba nameza. Niko kwenye karamu ya ndoa, sinia la wali liko katikati yetu, wenzangu wanakula na kucheka, na mimi nasikia ulimi wangu unavyolisukuma tonge nyuma, kisha kile kigumu cha kooni kinapanda, kinashuka, pumzi inarudi. Nikishaanza kusikia siwezi kuacha. Mara nyingine tonge linasimama nyuma ya ulimi kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alichofuata, na ninakaa nalo hapo huku jasho linanitoka. Rafiki yangu aliwahi kuniuliza kwa nini nakula nimefumba macho. Nilimwambia pilau imekolea. Nilidanganya.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kudanganya, na kwa sababu kuna kosa nililolifanya ambalo kwa muda mrefu watu wa nyumbani walilisifu.

Bibi, mama yake baba, aliugua asubuhi moja ya msimu wa mvua akiwa anapepeta mchele uani kwetu, hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo. Ungo ulimtoka, mchele ukamwagika, naye akabaki anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nilipofika, upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeshuka na mkono wa upande huo hautii. Kilikuwa kiharusi. Baada ya majuma kadhaa maneno yalirudi, akaweza tena kunitania vizuri, jambo tulilolipokea kama dalili njema. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, ambapo mjukuu wa kike huhesabiwa mke wa babu, huniita mke mwenzangu. Alisema Mungu amempa kiharusi ili mke mwenza ajifunze kupika.

Baba huwa safarini na bidhaa zake, Lusangi na kwingineko. Mama anauza vitenge sokoni, anatoka asubuhi anarudi jioni. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, upande wa biolojia na kemia, na masomo ya juu hayakupatikana. Nilikuwa najifundisha mwenyewe. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa cha mwili wa binadamu, kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, na simu niliyoisomea mtandao ulipopatikana. Kwa hiyo bibi akawa wangu. Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilijiambia kwamba hatimaye nimepata kitu cha kufanya bila kosa hata moja.

Kosa la kwanza nililifanya siku ileile aliyougua.

Kwetu mtoto mdogo akikataa dawa analazwa mapajani, kichwa kinarudishwa nyuma, pua inabanwa kwa vidole viwili, dawa inamiminwa. Atameza tu, kwa sababu bila kumeza hapati pumzi. Ndivyo nilivyonyweshwa mimi, na bibi ndiye aliyenibana pua. Basi nami nilimwegemeza kichwa kwenye mkono wangu, uso juu, nikammiminia uji wa mchele. Pua sikubana, lakini mengine yote nilifanya. Na uji wenyewe nilikuwa nimeufanya mwepesi kama maji, maana kila mtu anajua mgonjwa anataka vitu vyepesi. Alikohoa. Macho yalimtoka machozi. Nilidhani kikohozi ni sehemu ya ugonjwa, nikangoja kipite, nikamimina tena. Siku ya nne mwili ulimwaka moto na pumzi ikawa fupi.

Muuguzi wa kituo cha afya, ambaye mtaani tunamwita dokta, ni kijana wa familia ya wakulima Wakristo wa nje kidogo ya mji. Alimsikiliza bibi mgongoni, akamwandikia sindano, kisha akaniuliza ninavyomlisha. Nilimwonyesha kwa mikono. Hakunikaripia. Alinishika vidole, akaniwekea kwenye koo langu mwenyewe.

"Meza mate," alisema. "Umesikia kitu kimepanda?"

Nilikuwa nimesikia.

Alinieleza kwamba njia ya hewa iko mbele na njia ya chakula iko nyuma yake, na kwamba juu yake pana sehemu moja ambayo vyote viwili vinapita. Chakula lazima kivuke juu ya mdomo wa njia ya hewa ili kifike kwenye njia yake. Kwa hiyo kila tukimeza, pumzi inasimama kidogo. Njia ya hewa inapanda na kujificha chini ya mzizi wa ulimi, kifuniko kidogo cha nyama kinalala juu yake, na chini ya kifuniko zile kamba mbili tunazozitumia kwa sauti zinabanana. Ndiyo maana hakuna mtu anayeweza kusema na kumeza kwa wakati mmoja. Chakula kikishapita, vyote vinafunguka na mtu anatoa pumzi nje, kama anayepuliza makombo yaliyobaki mlangoni. Kwa bibi, alisema, mlango haujavunjika, unachelewa. Kitu chepesi kinakimbia, kinafika kabla haujafungwa. Na ukimrudisha kichwa nyuma unakuwa umekifanyia mteremko.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Nilifungua kile kitabu, nikatafuta mchoro wa shingo iliyokatwa katikati, nikauangalia mpaka macho yakauma. Nilitaka kujua ni nani aliyeona ni sawa njia mbili kama hizo zikutane. Kisha nikaogopa, nikamwomba Mungu msamaha, nikauangalia tena. Nilianza kuweka vidole kooni kila nilipokula. Hapo ndipo balaa yangu ya kusikia tonge ilipoanza.

Na hapo ndipo zilipoanza sheria. Niliziandika kwenye karatasi ya boksi nikaitundika juu ya kitanda cha bibi. Akae wima, mto mgongoni, kidevu kikielekea kifuani. Kijiko kidogo, nusu tu. Uji mzito usiodondoka hata kijiko kikigeuzwa. Asiongee chakula kikiwa mdomoni. Baada ya kila kijiko ameze mara mbili, kisha aseme "aa" nisikilize: sauti ikiwa kavu, mlango ni safi, ikilia kama mtu aliye na maji kooni, tusubiri, akohoe. Maji matupu, hapana kabisa. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mstari uliopinda, nikaiandika upya. Ya pili niliona mwandiko wa mwisho ni mdogo kuliko wa mwanzo, nikaiandika upya tena. Kila kijiko nilikipiga alama kwenye daftari, na kila kikohozi nilikizungushia duara.

Mengi ya mambo hayo yalikuwa sahihi. Kikohozi kilipungua. Bibi aliongezeka nguvu, na mimi nikapata sifa.

Tatizo la kwanza lilikuwa wageni. Hapa mtu hamjulii mgonjwa hali mikono mitupu. Analeta kibakuli kilichofunikwa kwa kitambaa, samaki wa mtoni kutoka Nyangwe mwenye mchuzi wa mawese, au chai ya maziwa, na hatoki mpaka mgonjwa ameonja mbele yake. Nilikuwa nasimama mlangoni napokea vibakuli na kuvipeleka jikoni. Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyeleta sombe, yale majani ya muhogo, aliyoipika tangu alfajiri, alinitazama juu mpaka chini.

"Sasa mugonjwa ni yeye ao ni weye?" aliuliza.

Watu walicheka, bibi naye akacheka kwa upande mmoja wa uso, na mimi nikaipeleka ile sombe jikoni.

Tatizo la pili ndilo kosa lenyewe.

Tangu nipate akili sijamwona bibi akiacha sala. Baada ya kiharusi aliswali akiwa amekaa. Na kabla ya sala kuna udhu, na katika udhu mtu anasukutua kinywa, mara tatu, kwa maji, kisha anavuta maji puani. Mara tatu kwa sala tano. Nilipiga hesabu hiyo. Mafunda kumi na matano ya maji matupu kila siku, ndani ya kinywa ambacho upande mmoja hakisikii, juu ya mlango unaochelewa. Nilimwambia haiwezekani. Nilimletea jiwe safi, nikamwambia atayamamu: apige kiganja juu ya jiwe, ajipanguse uso na mikono, basi. Dini imeruhusu kwa mgonjwa. Nilikuwa na hoja ya kitabu na hoja ya dini, na hakuna kitu kibaya kama mtu mwoga mwenye hoja mbili.

Juma la kwanza alinyamaza akafanya. Juma la pili aliniita.

"Mke mwenzangu, mdomo wangu unanuka," alisema. "Nasimama mbele ya Mungu na mdomo unanuka."

Nilimjibu kwamba Mungu anajua.

"Ruhusa ni ya mtu ambaye maji yanamdhuru. Haya ya kusukutua yamenidhuru lini?"

Nilimfungulia daftari nikamwonyesha kurasa zisizo na maduara. Hakulitazama. Aligeukia ukutani.

Siku iliyofuata nilimkuta ameshika birika la udhu kwa mkono wa kushoto, maji yamemwagika mapajani, anajaribu kuliinua hadi mdomoni. Nilimnyang'anya. Nasema nilimnyang'anya kwa sababu ndilo neno lake. Vidole vyake vilikuwa vimeshika na mimi nilivifungua kimoja kimoja. Kisha nililichukua lile birika nikalificha chini ya kitanda cha mama, nyuma ya mabunda ya vitenge. Bibi aliuliza liko wapi. Nilisema limetoboka.

Siku hizo shangazi, binti yake bibi aliyeolewa Kabambare, alikuwa anapiga simu kila mtandao ulipopatikana huko. Bibi hakunishitaki hata mara moja. Shangazi aliwaambia watu wa Kabambare kwamba mjukuu anamlinda mama yao kuliko wao wote waliotoka tumboni mwake. Mama alinirudishia maneno hayo, nikalala nayo kama mto.

Siku kumi na tisa bila duara hata moja. Siku ya ishirini bibi aliamka na homa.

Nililipitia daftari ukurasa kwa ukurasa nikitafuta kijiko kilichoniponyoka. Nilikuwa na hakika kipo. Labda siku ile mama alimlisha, labda kidevu kiliinuka. Mama alikuwa ananiita tumpandishe bibi kwenye pikipiki, nami bado nafungua kurasa. Ilibidi aje aliondoe daftari mikononi mwangu.

Kituoni muuguzi alimsikiliza mgongoni, akatikisa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alichukua tochi, akamwambia bibi afungue kinywa, akamulika ndani. Nilisogea nikaona pamoja naye. Ulimi ulikuwa na utando mnene wa rangi ya udongo. Ndani ya shavu la kulia, lile lisilosikia, kulikuwa na uji. Si wa asubuhi ile. Ulikuwa umekauka, umeshikamana na ufizi, tabaka juu ya tabaka. Harufu ilitoka ikatujaa usoni.

"Nani anasafisha kinywa hapa?" aliuliza.

Bibi alikuwa ananitazama.

Muuguzi alivaa glavu, akaanza kutoa ule uchafu kwa kitambaa chenye maji, na huku akinieleza, taratibu, kama mwalimu. Mate yanateleza kwenye njia ya hewa hata kwa mtu mwenye afya, hasa akiwa usingizini. Yakiwa safi na machache, pafu linayamaliza lenyewe. Kwa mtu ambaye mlango wake unachelewa yanaingia mengi zaidi, mara nyingine bila hata kikohozi cha kukuonya, na yakipita kwenye kinywa kilichooza yanabeba ule uozo moja kwa moja hadi kifuani. Funda la maji safi lililoteleza kidogo halina ubaya kama huo. Kisha alisema, bila nia mbaya, na hilo ndilo lililonikata:

"Ninyi Waislamu si munasukutua mara tano kwa siku? Nilifikiri nyumba yenu ndiyo ya mwisho kuona kinywa namna hii."

Nilisubiri bibi aseme. Alikuwa na pumzi ya kutosha kwa maneno mawili, birika na jina langu. Alifumba macho.

Muuguzi aliturudisha nyumbani, akawa anakuja kila siku kumchoma sindano, lakini homa ile ilikuwa kali kuliko ya kwanza. Siku tatu hakumeza kitu zaidi ya ncha ya kijiko, na pumzi zake zilikuwa zinavuta ngozi ya shingo ndani. Nilikaa pembeni yake na tochi na kitambaa, namsafisha kinywa kila mara, mara nyingi kupita ilivyohitajika, mpaka muuguzi akaniambia nitamchubua. Sikuweza kutulia. Nilikuwa naenda hadi mlangoni, narudi, namsikiliza, naenda tena. Kama angekufa, wangesema amekufa mikononi mwa mjukuu aliyemtunza vizuri. Sifa hiyo ndiyo niliyoiogopa. Nilijua ningeipokea.

Siku ya nne shangazi alifika kutoka Kabambare. Siku mbili juu ya pikipiki, amelala njiani kwa watu, matope yamempanda hadi magotini, kanga imekauka ikawa ngumu kama ubao. Alimshika mama yake mguu, akalia kidogo, akapangusa uso. Kisha aligeuka, na mbele ya mama na majirani wawili akaanza kunishukuru. Alisema Mungu anilipe. Alisema yeye kama mtoto wa mgonjwa hana mdomo wa kusema lolote mbele yangu.

"Shangazi, nilificha birika," nilisema.

Hakuelewa. Aliuliza birika gani. Nikaeleza yote: jiwe, daftari, vidole nilivyovifungua, uongo kwamba limetoboka, na shavu tulilolikuta limejaa. Hata hapo, ninaona aibu kuliandika, nilikuwa najisahihisha, narudia sentensi ambayo haikutoka sawa. Mama aliketi chini. Jirani mmoja, yule wa sombe, alinong'ona jina la Mungu.

Shangazi aliinama. Alianza kubandua matope kwenye kanga, kipande kwa kipande.

"Mimi nimepiga watoto kwa makosa madogo kuliko hilo," alisema mwishowe.

Nilimwambia anipige.

"Weye iko mukubwa. Mukono wangu utauma bure. Birika iko wapi?"

Nililitoa chini ya kitanda. Lilikuwa na vumbi na buibui. Shangazi alilisugua kwa majivu mpaka likang'aa, halafu akaliweka kwenye stuli, karibu na kichwa cha mama yake, mahali ambapo bibi akifungua macho ataliona. Hakuniambia neno jingine siku hiyo wala siku iliyofuata. Tuligawana kazi kwa ishara.

Siku ya sita homa ilishuka. Ya nane bibi aliweza kukaa, mto mgongoni. Adhana ya adhuhuri ilisikika, naye akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea stuli. Shangazi aliinuka haraka, akasema atamtawadhisha yeye.

Bibi alikataa kwa kichwa. Alinielekezea kidevu.

"Aliyelificha ndiye atamimina," alisema.

Nilipiga magoti na beseni. Nilimwomba ainame mbele, kidevu chini, maji yakimshinda yaanguke nje yasirudi nyuma. Nilimwomba pia nimwekee vidole viwili kooni. Alisema kama nataka kumkaba nisipoteze muda, nimkabe sasa. Shangazi aligeuza uso; nadhani alicheka.

Nilimmiminia kiganjani, akapeleka mdomoni. Funda la kwanza nusu lilimwagika kwenye pembe ya kulia. Aliyazungusha yaliyobaki, akatema, na katika beseni niliona chembe za uji wa asubuhi ambazo nilikuwa nimeapa hazipo. Nilimpitishia kidole chenye kitambaa ndani ya shavu. La pili lilitoka safi zaidi.

La tatu alilishika. Hakulitema. Alinitazama, jicho moja limefunguka vizuri na jingine nusu, nikajua anataka kufanya nini. Nilifungua mdomo nimkataze, nikaufunga. Alikuwa ana kiu, si ya siku ile tu. Kidevu kilikuwa chini. Kinywa kilikuwa safi, nilikuwa nimekiona kwa macho yangu.

Alimeza. Chini ya vidole vyangu hakikutokea kitu, na bado hakikutokea, na mimi sikuwa napumua. Kisha kikapanda, kizito, kwa kukokota, kikasimama juu, kikashuka. Akakohoa mara moja, kikohozi chenye nguvu. Nilisubiri cha pili.

"Bibi, sema aa."

"Pua," alisema. Sauti ilikuwa kavu, haina maji ndani. "Bado pua. Na mimina taratibu, unanilowesha."

Hakuna sheria yoyote niliyokuwa nimeiandika kuhusu pua. Niliinua birika, nikamimina.